Acheni Kupost Wazee Wakikoroma

Wasee, kila nikifungua TikTok ni video ileile: mzee amelala kwa kochi, anakoroma kama lori la Namanga likipanda mlima, mtoto wake anacheka nyuma ya simu. Rudia hiyo video usikilize vizuri. Kuna mahali sauti inakata. Kimya. Sekunde kumi, kumi na tano. Halafu anashtuka kama mtu ametolewa majini. Hapo ndipo mnacheka zaidi, na hapo ndipo pumzi ilikuwa imesimama.

Hiyo inaitwa apnea ya usingizi. Koo linajifunga, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha kidogo ndio avute hewa. Ikiwa kali, inatokea mara 30 au zaidi kwa saa, na asubuhi hakumbuki kitu. Jaribu kuamshwa hivyo miaka mitano uone kama utabaki mpole.

Na hapa Bisil tunasemaje? “Huyo mzee ana roho mbaya.” “Ni stress ya ng'ombe.” Akikaa kimya na huzuni yake, tunasema ni uzee. Anapimwa presha, anapewa dawa, anarudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza analalaje, ilhali apnea yenyewe inaweza kupandisha presha!

Tiba kuu si kidonge. Ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia maski ili koo lisijifunge. Colin Sullivan aliitengeneza Australia mapema miaka ya 1980, lakini huku mtu akiiona anadhani ni ya ICU. Wengi wakiizoea, hasira na huzuni hupungua. Si wote, na si usiku mmoja. Wiki za kwanza maski inabana, wengine wanaingiwa na woga, wanakuwa wakali kuliko mwanzo, wanaisukuma chini ya kitanda. Sasa kama nyumba nzima inamwita “rubani”, ataivaa kweli?

Najua mtasema bei. Ni ghali, sibishi, na stima ya huku tunaijua (ingawa kuna mashine zinazotumia betri). Lakini kulala kwa ubavu ni bure. Kuacha pombe usiku ni bure. Kumuuliza baba yako kama huamka akikosa hewa ni bure pia, na hilo ndilo mnaogopa, si bei.

Na hiyo video iko kwa simu yako? Usiifute. Nenda naye hospitali, umwonyeshe daktari pale anaposhtuka.