Programu ya farasi na daftari langu: nani mwongo?

Leo naweka kando habari za simu na intaneti, nizungumzie programu niliyojiandikia ya kutabiri mbio za farasi. Ndiyo, farasi! Naishi Silanga, kule chini Kibera karibu na Bwawa la Nairobi, na uwanja wa Ngong hauko mbali: napanda hadi Ngong Road, nachukua matatu ya 111, nimefika. Majirani huniuliza nafuata nini kwa matajiri. Nafuata data.

Matokeo hukueleza farasi alimaliza wa ngapi, alibeba kilo ngapi na alikimbia umbali gani. Hayakuelezi kwamba alichelewa kutoka getini, au alizungushwa nje kwenye kona akakimbia mita nyingi kuliko wenzake, au alibanwa nyuma ya wengine hadi nafasi ikafunguka mwisho kabisa. Farasi wa namna hiyo akimaliza wa tano, huenda ni bora kuliko wa pili aliyepita njia nyeupe. Andrew Beyer, Mmarekani aliyejulikana kwa hesabu za kasi, aliligeukia jambo hili katika kitabu chake cha 1983, The Winning Horseplayer. Na Ngong farasi si wengi, wale wale hukutana tena na tena, kwa hiyo unachokiona leo kitakufaa baada ya wiki chache.

Basi nikawa naandika kwenye daftari, usiku naingiza kwenye kompyuta (stima ikiwapo). Neno "alibanwa" liliongeza pointi tatu, "kona nje" mbili, "alichelewa" mbili. Nikajiona mjanja sana. Ikanila pesa msimu mzima, mpaka mwenye nyumba akabisha mlango na sikuwa na kitu cha kumpa.

Nilidhani kosa liko kwenye hesabu. Wapi! Nilipopanga maandishi yangu kando ya orodha ya dau zangu, aibu ikanishika. Karibu kila "alibanwa" ilikuwa ya farasi niliyemwekea pesa. Wengine waliobanwa sikuwaona, macho yalikuwa kwa wangu. Yaani farasi akinipotezea pesa, nilimtafutia sababu. Programu ikaipa sababu ile pointi. Wiki tatu baadaye ikaniambia nimwekee tena. Kompyuta ilikuwa inanirudishia kisingizio changu mwenyewe, safari hii kimevaa suti.

Kuna watakaosema: tupa daftari, tumia namba tupu. Sikubali hata kidogo. William Benter, aliyepata utajiri kwa mbio za Hong Kong, alieleza katika makala yake ya 1994 jinsi alivyochanganya hesabu zake na makadirio ya umma yanayoonekana katika malipo ya dau. Mimi nasoma hivi: jambo linalojulikana na kila mtu tayari limo ndani ya malipo. Benter alikuwa na timu na hesabu nzito. Mimi nina macho mawili na kalamu. Nikitupa daftari, nabaki na kile kile alicho nacho kila mtu aliyeshika karatasi ya mbio.

Kwa hiyo nimebadilisha programu. Naandika juu ya kila farasi, hata wa mkia. Kuna safu mpya katika jedwali: "nilimwekea pesa?" Maandishi yakishaingia usiku ule hayabadilishwi tena. Pointi za maneno nimezifuta zote. Programu hunionyesha sentensi yenyewe, pamoja na jibu la safu ile, kisha naamua.

Tabu ni kwamba mtu mmoja hawezi kutazama farasi wanane kwa pamoja. Sasa naenda na mdogo wangu, ambaye habashiri. Yeye anaandika lake, mimi langu, hatuchunguliani. Jumapili iliyopita tulilinganisha juu ya farasi mmoja. Mimi: "alibanwa kona ya mwisho." Yeye: "alichoka tu." Nilikuwa nimemwekea shilingi mia mbili.