Dar es Salaam hadi Dakar: Kilomita za Ramani na Saa za Siasa

Vuta mstari kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Blaise Diagne, Dakar. Ni takriban kilomita 6,600. Ndege kubwa ya abiria iendayo kilomita 850 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa muda wa saa nane hivi. Anayeondoka Dar saa mbili asubuhi angefika saa saba mchana kwa majira ya Dakar.

Hiyo ni hesabu ya jiografia. Hesabu ya tiketi ni nyingine. Anayepitia Istanbul husafiri karibu kilomita 10,700, kabla hatujahesabu muda wa kusubiri ndege ya pili. Huvuka bahari ya Mediterania mara mbili ili afike upande wa pili wa bara lake mwenyewe.

Nashikilia kwamba tofauti hii haikuletwa na maumbile. Mwaka 1925 Wafaransa walifikisha Dakar njia yao ya barua za ndege kutoka Toulouse. Mwaka 1931 Waingereza walifungua njia kutoka London hadi Mwanza. Kila mkoloni alielekeza njia zake kwake, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuunganisha Mwanza na Dakar. Uhuru ulipokuja, tulibadilisha bendera kwenye mikia ya ndege, lakini njia nyingi tukaziacha zilivyokuwa.

Kisheria, Mkataba wa Chicago wa 1944 unaitaka kila ndege ya ratiba ya kimataifa ipate idhini ya nchi inayoingia. Kwa hiyo ufunguo uko mikononi mwa serikali zetu. Mwaka 1999, mjini Yamoussoukro, mawaziri wa Afrika waliamua kufungua anga, hata shirika la nchi moja liweze kubeba abiria kati ya nchi nyingine mbili. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua Soko Moja la Usafiri wa Anga, likianza na nchi 23. Maamuzi hayakukosekana, kinachosuasua ni utekelezaji.

Watetezi wa hali iliyopo husema abiria ni wachache, na kwamba mashirika makubwa yatayameza madogo. Hofu ya pili ina msingi, lakini dawa yake ni kanuni za ushindani wa haki. Ama uchache wa abiria, nani atathubutu safari ya siku nzima, kwa nauli nzito, kwa jambo la siku mbili?

Wanaoumia si mawaziri. Mwanafunzi Mkongomani aliyealikwa kwenye kongamano Dakar, akipitia Paris, kwa kawaida huhitaji viza ya kukaa tu uwanjani akisubiri ndege ya pili. Akinyimwa, Ulaya itakuwa imemzuia Mwafrika kwenda Afrika.

Nawaomba watumishi wa umma wanaojadili mikataba ya anga wapime kila kifungu kwa swali moja: je, kinampunguzia msafiri saa, au kinalilinda shirika tu? Nanyi wanafunzi na wanaharakati, waulizeni wabunge wenu nchi yenu imetekeleza nini kati ya yaliyoamuliwa Yamoussoukro. Majibu yao yaandikwe, yasomwe hadharani.