Huo Mwaka Mnaouogopa Kuupoteza

Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nenda kwenye steshenari yoyote ya mtaani kwenu, ile yenye mashine ya fotokopi mlangoni na bango la "Tunafanya maombi ya vyuo na mikopo". Kaa kwenye benchi nusu saa. Atakuja mama na bahasha ya kaki. Ndani mna cheti cha kuzaliwa cha mtoto, picha za pasipoti, na namba ya mtihani iliyoandikwa nyuma ya risiti ya luku. Mtoto mwenyewe hayupo. Yuko kambi ya JKT kwa mujibu wa sheria, kanyolewa nywele, simu hana, na saa hizo anakimbia mchakamchaka Makutupora au Bulombora.

Kijana wa steshenari anauliza, "Mama, tuweke kozi gani?" Mama anakodolea kioo cha kompyuta. "Weka zile zenye ajira, mwanangu. Na nyingine uongeze, asije akakosa kabisa." Kijana anajaza. Akifika kwenye namba ya simu anaweka ya kwake, kwa sababu kitochi cha mama kinazimika kila mara. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Mama analipa, anashukuru, anaondoka. Miaka mitatu ya mtu imepangwa na watu wawili ambao hakuna kati yao atakayeisoma.

Nilimuuliza mama mmoja kwa nini asingoje walau kijana atoke kambini. Akanitazama kama mtu niliyemwombea mwanawe mabaya. "Halafu apoteze mwaka?"

Sina ugomvi na mama yule. Alikuwa anampenda mwanawe na kauli ile ilitoka kwenye mapenzi hayo. Ugomvi wangu ni na kauli yenyewe. Kupoteza mwaka. Tumeisema majumbani, misikitini, makanisani na kwenye vikao vya harusi mpaka imekuwa imani. Imani hiyo inadai kwamba aliyefanya mtihani Mei lazima awe darasani chuo kikuu kabla mwaka haujaisha, na asipokuwapo, basi limemwacha na halipiti tena. Ndiyo inayowakeshesha watu kati ya Agosti na Oktoba, simu kifuani, wakisubiri mkeka wa majina ya waliochaguliwa. Awamu ya kwanza ya udahili ikipita bila jina, nyumba inakuwa kama ina msiba: shangazi wanapiga simu, baba anafoka kwa jambo dogo, mtoto anajifungia chumbani wageni wakija. Halafu awamu ya pili na ya tatu familia hiyohiyo inakubali chochote, kozi yoyote, mkoa wowote, mradi jina litoke.

Nasema imani hiyo ni ya uongo, na imewaumiza vijana wengi kuliko kule kukosa chuo kwenyewe.

Tuutazame mkeka jinsi unavyosukwa. Tangu mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu iliachana na mfumo wa pamoja wa udahili ulioanza 2010, na sasa mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Kila kozi ina idadi ya nafasi, na idadi hiyo imechapwa kwenye mwongozo wa udahili ambao mtu yeyote anaweza kuusoma kabla ya kuomba. Nafasi zikiwa chache na waombaji wakiwa wengi, wanachukuliwa wenye alama za juu miongoni mwa walioomba mwaka huo. Kwa hiyo kukosa kwa mwanao kumetegemea pia watoto wa watu wengine, ambao hatakutana nao kamwe, waliopenda kozi ileile mwaka uleule. Kwa alama zilezile, mwaka mwingine huenda angepata.

Kuna na hili ambalo wazazi wengi hawalijui. Kijana mmoja mwenye alama nzuri anaweza kuchaguliwa vyuo vitatu kwa mpigo. Vyote vitatu vinamhesabu mpaka athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Akithibitisha, viti viwili vinabaki wazi, na hivyo ndivyo vinavyogombewa awamu inayofuata. Aliyelia awamu ya kwanza huenda alizuiwa na mtu ambaye kiti kile hakukihitaji. Hesabu ya viti ndiyo hiyo. Sisi tunaisoma kama hukumu ya akili ya mtoto, na wengine, Mungu atusamehe, kama hukumu ya malezi yetu. (Na ile namba ya siri, kumbuka, inaingia kwenye simu ya kijana wa steshenari.)

Nayajua haya kwa kuyafanya. Binti yangu wa kwanza alisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Alitaka uuguzi tangu akiwa darasa la sita, alipolazwa kwa mguu uliovunjika na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku akamfundisha kuhesabu matone ya dripu ili asichoke kulala. Alipoomba, jina halikutoka uuguzi popote. Awamu ya pili tukamjazia kozi nyingine kabisa, chuo cha mbali, na jina likatoka. Mama yake alipiga vigelegele. Binti alilia. Nami nikamwambia maneno ambayo leo nikiyakumbuka nainamisha kichwa: "Nenda tu, utahama ukifika."

Hakuhama. Kuhama kozi kuna masharti: uwe na sifa za kule unakokwenda, na nafasi iwepo, na nafasi ndiyo ileile aliyoikosa mwanzo. Mwaka wa kwanza alirudi na sapu tatu, mitihani ya kurudia. Akazifanya, akafaulu, akaendelea, kwa sababu ni mtoto mtiifu. Mwaka wa pili ulipofika ukingoni nikasikia bajaji inasimama nje. Nikachungulia dirishani. Juu ya kiti cha nyuma palikuwa na godoro la futi tatu limekunjwa na kufungwa kamba, na ndoo yake ya maji imening'inia. Mtu wa likizo harudi na ndoo. Nikajua kabla hajafungua mlango.

Alianza upya, stashahada ya uuguzi, dawati moja na wasichana waliotoka kidato cha nne. Tulikuwa tumeogopa kupoteza mwaka mmoja, tukampotezea miwili, na deni la Bodi ya Mikopo la miaka ile miwili lipo palepale. Bodi haiulizi kama kozi uliipenda. Ukiajiriwa, sheria inataka asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi ikatwe kila mwezi mpaka deni liishe. Yeye analipia darasa alilosukumiwa na baba yake.

Sasa nionyesheni ni kitu gani hasa kinachopotea kijana akikaa mwaka mmoja. Matokeo ya kidato cha sita hayachachi. Alama ya mwaka huu itakuwa alama ileile mwakani. Mkopo haukimbii: miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni imekuwa ikipokea waombaji waliohitimu ndani ya miaka mitano. Ajira je? Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira serikalini, utakuta sharti la umri usiozidi miaka 45. Mtu anayehitimu na miaka 23 badala ya 22 hajachelewa kitu mbele ya sharti hilo. Kilichobaki ni jirani. Tunamwogopa jirani atakayeuliza, "Wa kwako kachaguliwa wapi?" Kwa ajili ya swali hilo la mlangoni tunampeleka mtoto akasome asichokitaka miaka mitatu.

Wala nchi hii haikuwa hivi siku zote. Novemba 1974, chama cha TANU kilipokaa Musoma, kiliamua kinyume kabisa cha imani yetu ya leo: mtu asitoke kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe, akiwa na maoni ya wale aliofanya nao kazi. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, na ulilegezwa mapema kwa wasichana na kwa fani za sayansi, kwa sababu ulikuwa unawapunguza. Sidai urudishwe. Ila waulizeni waliopita humo, wengi wao ni babu na bibi zenu, kama miaka ile ya ukarani, ya ualimu wa vijijini na ya mashamba ya serikali wanaiita iliyopotea. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Makerere mwaka 1945, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa mtu mzima wa miaka 27. Salim Ahmed Salim aliteuliwa balozi Misri akiwa na miaka 22, na masomo yake ya chuo kikuu akayafanya baadaye, katikati ya kazi.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu lenyewe lina uzito. Nitaambiwa: wewe unasema hivyo kwa kuwa unakaa mjini. Kijijini, msichana akikaa mwaka mmoja nyumbani, mahari inaletwa. Mvulana anapewa bodaboda ya mkataba, anaanza kushika hela kila jioni, na habari ya shule inaishia hapo. Haya ni kweli. Nimewaona wote wawili, na yule msichana ni wa ukoo wangu.

Lakini tazameni vizuri kilichowachukua. Walirudi kwenye nyumba ambayo ilikuwa imekwisha kuwatangaza kuwa wameshindwa. Baba aliyeamini kwamba basi limekwenda hakuona sababu ya kukataa mahari. Angeamini kwamba binti yake ni mwombaji wa mwakani, anayejiandaa, angejibu posa ile kwa namna nyingine. Mtoto wa kijijini anaumizwa na imani ileile anayoumizwa nayo wa mjini, ila kwake haimpeleki kwenye kozi mbaya. Inamtoa shuleni moja kwa moja.

Na mwaka wenyewe unajazika. Aliyepungukiwa alama anaweza kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani linawasajili kila mwaka. Aliyekosa sifa za moja kwa moja ana kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Zipo kozi fupi za VETA, umeme wa majumbani, ushonaji, udereva, na cheti cha fundi umeme kitamlipia kodi ya chumba hata akija kuwa mwanasheria. Lipo duka la mjomba linalohitaji mtu wa kushika daftari la mauzo kwa uaminifu. Ipo shule ya msingi ya kata yenye mwalimu mmoja wa hesabu anayehitaji mtu wa kumsaidia. Mtoto anayetaka udaktari wa mifugo amfuate bwana mifugo miezi sita, alale na harufu ya josho, aone ng'ombe akizaa vibaya usiku. Akirudi bado anautaka, mpeni nauli. Akirudi ameuchoka, ameepuka miaka mitano ya kitu asichokiweza, na hakuna aliyelipa ada.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya wazazi. Mara nyingi mwombaji anayekosa hukutana na sentensi moja kwenye ukurasa wake: hukuchaguliwa. Basi. Haambiwi kama amekosa sifa au kama nafasi zimejaa, na hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Wa kwanza anahitaji kurudia somo. Wa pili anahitaji kuomba tena au kuomba kwingine. Kumwambia ni mstari mmoja wa maandishi, na taarifa zote chuo kinazo. Familia ikinyimwa sababu hujitungia ya kwake, na ninavyojua, inayotungwa mara nyingi ni kwamba mtoto hana akili.

Mzazi mwenye bahasha ya kaki, nakuomba. Maombi yanafunguliwa kwa awamu, na ya kwanza siyo ya mwisho. Kama yupo wa kukuunganisha na mwanao kambini, muulize kabla ya kujaza. Kama hayupo, mngoje atoke, mkae naye jioni moja na mwongozo wa udahili mezani, ajaze mwenyewe, kwa namba ya simu yake mwenyewe. Jina likitoka, furahini. Na lisipotoka, mwite mezani ale kama siku zote, kisha muulize Jumatatu anataka kuanzia wapi.