Madarasa Yale Hayakuwa Zawadi

Katika uzinduzi wa miradi Tanzania, kila anayeshika kipaza sauti, awe mkuu wa shule, diwani au mkuu wa wilaya, huanza kwa kumshukuru Mheshimiwa Rais kwa “kutuletea fedha”. Vigelegele vinapigwa, utepe unakatwa. Ndivyo ilivyoota mizizi imani kwamba fedha za serikali ni hisani ya wakubwa, na kazi ya mwananchi ni kushukuru.

Imani hiyo ni ya uongo, tena inatugharimu.

Madarasa ya Uviko ni mfano ulio wazi. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za Uviko-19, ambao kati ya mengine ulijenga madarasa 15,000. Fedha zile zilikuwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mkopo hulipwa, na watakaoulipa ni pamoja na watoto walioketi humo.

Wapo wanaodai kuwa maskini halipi kodi, hivyo hana cha kuhoji. Muuza mchicha wa Mbagala hulipa VAT ya asilimia 18 anaponunua sabuni. Akinunua muda wa maongezi, juu ya VAT hiyo upo ushuru wa bidhaa. Bodaboda anayempeleka sokoni amechangia barabara kupitia kila lita ya petroli. Na tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, kijana aliyemtumia mama yake hela ya matumizi kijijini alikatwa bila kuulizwa kipato chake.

Kushukuru ni uungwana. Lakini diwani anayerudia shukrani mara tano huenda anahofia kata yake kurukwa bajeti ijayo, na hofu hiyo ndiyo inayoziba maswali: darasa limegharimu kiasi gani, na sakafu imepasukaje kabla ya mwaka kuisha?

Maswali yakiulizwa, majibu hupatikana. Mwaka 2014, ilipofichuka kwamba zilichotwa zaidi ya shilingi bilioni 300 za akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, utetezi mkubwa ulikuwa kwamba hazikuwa fedha za umma. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, iliukataa utetezi huo. Kabla ya mwaka kwisha Mwanasheria Mkuu alijiuzulu na Waziri wa Ardhi akaondolewa.

Vijijini nako nafasi ya kuuliza ipo. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hadharani. Isomwe kabla ya salamu za shukrani, na mwenyekiti anayeiruka azuiwe kufunga kikao.