Picha ya Arusi ni Amana ya Nani?

Mpiga picha wa Kivaa, kule Masinga katika Kaunti ya Machakos, hawezi kukaa dukani akingoja wateja. Kazi huifuata iliko. Leo ni ntheo, yaani siku upande wa mume unapopeleka mbuzi kwa wakwe kwa mila ya Wakamba. Wiki ijayo ni arusi ya kanisani. Akimaliza, huteua picha zilizompendeza akazitia mtandaoni ili watu wa mbali wamjue. Hilo ndilo tangazo lake, na aghalabu wenye arusi hufurahi kujiona.

Sasa, msomaji, mtu huyo huyo na aitwe Malindi. Bibi arusi amekwisha pambwa, mashoga wamevua mabuibui, mlango umefungwa. Picha ambayo kule ni tangazo, huku ni fedheha. Yawezekana mpiga picha hana nia mbaya. Amefanya tu kama afanyavyo kwao.

Desturi ni mbili, lakini sheria ni moja. Tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na sura ya mtu ni katika data zake. Kuitumia kwa biashara kwataka ridhaa yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini, na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa. Hao si wapiga picha za arusi, lakini hoja ni ile ile.

Na hapo ndipo penye utata. Ridhaa yatakiwa kwa mwenye sura, wala si kwa aliyelipa. Bwana arusi aweza kutia sahihi na kutoa fedha, lakini je, shangazi aliyekaa nyuma na nywele wazi, nani kamuuliza? Katika ukumbi wa wanawake mia tatu, ridhaa ya mmoja haiwafungi wengine.

Zamani picha ilikuwa na mwisho wake. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na baadaye Omar Said Bakor alipopiga picha zake Lamu, filamu ilibaki studioni na picha zikaenda kwenye albamu. Albamu ilikaa kabatini, na mwenyewe akamwonyesha amtakaye. Sisemi hapakuwa na hofu. Fundi wa chumba cha giza alikuwa mwanamume naye aliona yote. Lakini hakuweza kuwaonyesha watu elfu kwa usiku mmoja.

Baadhi ya watu wadai dawa ni wapiga picha wanawake. Ni jambo jema, na limewapa mabinti wetu kazi ya heshima. Hata hivyo latibu nusu ya ugonjwa: lahusu nani apigaye, wala si picha ziendako. Yupo mtengenezaji wa picha katika mji mwingine, ambaye huenda ni mwanamume. Zipo pia simu za wageni wenyewe, na kwa hakika hizo zimetoa siri nyingi kuliko kamera ya fundi. Ndiyo maana nyumba nyingine huzikusanya mlangoni.

Hapana budi basi mapatano yaandikwe kabla ya arubuni kutolewa: nani atazitengeneza picha, zitafutwa lini, na kama kuna hata moja itakayotangazwa. Mpiga picha naye ana hoja yake. Akinyimwa tangazo, amenyimwa wateja wa kesho, kwa hiyo ni haki yake kutaka ujira zaidi. Familia zisizosita kulipia ukumbi na mapambo huanza kupunguza bei mara zifikapo kwake, kisha zamtaka awe mlinzi wa siri zao bure.