Mwalimu Mgeni wa Japani na Mkataba wa Mwaka Mmoja

Na Mwanaisha Bakari Salim

Ubora wa masomo ya Kiingereza katika miji ya Japani hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la vitabu na mbinu za kufundishia peke yake, ilhali sehemu kubwa ya udhaifu wake imo katika mkataba anaotia saini mwalimu mgeni, kwa kuwa mkataba huo ndio unaoamua atafundisha wapi, ataongea na nani kabla ya kuingia darasani, na kama mwakani atakuwapo kuwaona wanafunzi wake wakipanda darasa.

Katika mji kama Osaka walimu hao wamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Wapo wanaofundisha katika eikaiwa, yaani shule za binafsi za mazungumzo ya Kiingereza, ambazo hupanga vyumba karibu na vituo vya treni vya Umeda, Namba na kwingineko, na ambazo kazi yake hushamiri jioni, wateja wanapotoka ofisini. Wapo pia walimu wasaidizi wa lugha, wanaojulikana kwa herufi ALT, ambao huingia asubuhi katika shule za serikali, hufundisha bega kwa bega na mwalimu Mjapani mwenye leseni, na mara nyingi huzungushwa baina ya shule kadhaa katika juma moja.

Kufundishwa Kiingereza na mgeni si jambo jipya nchini humo. Ranald MacDonald, mtoto wa baba Mskoti na mama wa kabila la Wachinook wa Amerika Kaskazini, aliwafundisha wakalimani wa serikali huko Nagasaki mwaka 1848 na 1849 akiwa kizuizini, wakati ambapo mgeni kuingia nchini bila ruhusa lilikuwa kosa. Hata hivyo, sura ya leo ya kazi hii ilichorwa mwaka 1987, serikali ilipoanzisha Programu ya JET kwa washiriki 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Lengo lake lilikuwa kuwakutanisha raia wa kawaida wa Japani na watu wa mataifa mengine, na ufundishaji ukawa njia ya kulifikia. Ndiyo maana mshiriki hakudaiwa leseni ya ualimu, akapewa mkataba wa mwaka mmoja, nao leo haurefushwi kupita miaka 5. Kwa kubadilishana utamaduni mpango huo una mantiki. Kosa lilianza pale ufupi wa mkataba ulipogeuzwa kuwa desturi ya ualimu wenyewe, hata baada ya Kiingereza kufanywa somo rasmi la darasa la 5 na la 6 la shule za msingi mwezi Aprili 2020.

Bodi nyingi za elimu za miji huwapata walimu wasaidizi kupitia kampuni za kati, na baadhi hutumia gyomu itaku, yaani kandarasi ambayo kampuni huuza huduma ya masomo huku ikibaki na mamlaka yote juu ya mfanyakazi wake. Chini ya kandarasi ya namna hiyo, sheria ya kazi hairuhusu mwalimu Mjapani kumpa mgeni maelekezo ya moja kwa moja, kwa sababu kufanya hivyo ni kumtumia kama mwajiriwa wa shule bila kubeba wajibu wa mwajiri. Matokeo yake ni kwamba watu wawili wanasimama mbele ya watoto walewale, katika kipindi kilekile, ilhali kupanga somo kwa pamoja, jambo ambalo mwalimu yeyote duniani angelihesabu kuwa mwanzo wa kazi, kunaweza kuhesabiwa kuwa uvunjaji wa sheria. Ni vigumu kubuni utaratibu unaomdhuru mtoto kwa uhakika zaidi ya huo.

Na bado kazi nzuri hufanyika. Katika shule za msingi chakula cha mchana, kinachoitwa kyushoku, hupakuliwa na wanafunzi wenyewe na kuliwa darasani, kisha watoto hushika mafagio na matambara kusafisha shule yao. Mwalimu mgeni anayeketi kula nao na kufagia nao husikia maswali ambayo hayaulizwi katika kipindi, na mtoto mwenye haya hujaribu sentensi yake pasipo alama nyekundu wala mtihani. Uhusiano huo huhitaji miaka kukomaa, na miaka ndiyo mkataba unayoinyima.

Nje ya shule hali si nyepesi. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya wageni waliotafuta nyumba waliwahi kukataliwa kwa sababu ya ugeni wao, na anayekubaliwa huweza kudaiwa mdhamini pamoja na reikin, ambayo ni fedha ya shukrani kwa mwenye nyumba isiyorudishwa. Kwa sababu hiyo wengi huishi katika nyumba iliyopangwa na mwajiri, na hatari yake ilidhihirika mwezi Oktoba 2007, Nova, iliyokuwa kubwa kuliko eikaiwa zote, ilipoomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake: maelfu ya walimu wageni walikuwa wanadai mishahara, na baadhi yao walitakiwa kuhama kwa sababu kodi ya nyumba haikuwa imelipwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki lipo jambo moja la ziada. Kanuni za viza ya ualimu wa lugha katika shule za kawaida zinadai mwombaji awe amesoma kwa lugha hiyo kwa miaka isiyopungua 12. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari miaka 6 na chuo kikuu miaka 3, hafikishi idadi hiyo hata akiwa na shahada ya ualimu wa Kiingereza, huku mwingine asiye na mafunzo yoyote ya ualimu akipita kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Kanuni hiyo haipimi uwezo wa kufundisha, na inastahili kurekebishwa.

Bodi za elimu za Japani ziwaajiri walimu hawa moja kwa moja na kwa muda mrefu. Kijana mwenye shahada anayefikiria safari hiyo naye aulize kabla ya kutia saini: mwajiri ni shule, mji au kampuni, mwezi wa Agosti, shule zinapokuwa likizo, unalipwa au haulipwi, na saa za kazi ni ngapi kwa juma, kwa kuwa mkataba wa saa 29.5, uliozoeleka mno katika biashara hii, ulitumiwa kwa miaka mingi na waajiri kukwepa kuchangia bima ya afya na pensheni ya mwalimu.