Taya la Mtoto Lipimwe Lini?

Makala za toleo hili zinalinganisha tiba za watoto ambao meno yao ya chini hufunga mbele ya yale ya juu: barakoa inayovuta taya la juu, kikombe cha kidevu, na vibamba vinavyofungwa kwenye mfupa. Nyingi zinahesabu mafanikio kwa milimita zilizopatikana siku kifaa kinapovuliwa. Nakipinga kipimo hicho, kwa kuwa taya la chini huendelea kukua wakati wa balehe na hata baada yake. Watafiti wa Japani waliowafuatilia wasichana waliovaa kikombe cha kidevu waliona faida ya mwanzo ikipotea kadiri ukuaji ulivyoendelea.

Swali zito ni nani ataepuka kupasuliwa taya ukubwani. Nicky Mandall na wenzake walilikaribia huko Uingereza. Watoto 73 wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa kwa kura, wengine wakavaa barakoa, wengine wakaachwa bila tiba. Miaka 6 baadaye, jopo la wataalamu liliona kwamba asilimia 36 ya waliotibiwa walihitaji upasuaji, dhidi ya asilimia 66 ya wasiotibiwa. Wapo wanaosema kuwa wakati huo tofauti ya mifupa baina ya makundi ilikuwa imefifia. Ni kweli, lakini anayeamua upasuaji hatazami pembe moja ya picha ya eksirei. Anatazama uso mzima na jinsi meno yanavyofunga. Hoja kwamba watoto walikuwa wachache, na kwamba maoni ya jopo si upasuaji wenyewe, ina uzito zaidi. Inatudai utafiti mrefu zaidi, ila haitupi ruhusa ya kumwambia mzazi wa mtoto wa miaka 8 asubiri tu. Tusimwahidi pia kwamba mwanawe atajiamini zaidi, maana utafiti huohuo haukuliona hilo.

Vibamba navyo huwekwa na kutolewa kwa upasuaji mdogo, na kwa kawaida husubiri chonge za chini zitoke. Kwa hiyo anayevishindanisha na barakoa analinganisha pia umri wa watoto, jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Kwa matoleo yajayo, tunaomba kila mwandishi aeleze umri wa kuanza, saa ambazo kifaa kilivaliwa kweli, na hali ya taya ukuaji ulipokoma.